Jina Halikufanana

Umeme umekatika Tabata tangu saa mbili.
Mwajabu kawasha mshumaa, kausimamisha kwenye kisosi
kwa tone la nta yake wenyewe.
Mimi nina mishumaa yangu, iko kwenye simu:
mwekundu, mwekundu,
wa kijani mmoja, mfupi kama mchicha wa juzi,
kisha mwekundu mrefu unaoshuka
kama ngazi za ghorofa la Kariakoo siku lifti imekufa.

"Unaangalia nini?"
"Bei."
"Bei ya nini?"
Mwaka mzima ananiuliza,
mwaka mzima nataja kitu ambacho sijawahi kukishika.

Nimeiangalia chooni.
Nimeiangalia msibani kwa shemeji,
mkono mmoja kwenye dua, mwingine mfukoni.
Niliiangalia dukani, Mtaa wa Kongo, mkasi ukiwa kazini,
nikamkatia mama wa watu pazia fupi,
dirisha lake likabaki magoti nje.

Saa nne na dakika kumi usiku nikaamua kuuza.
Si zote. Robo tatu, ada ya Mwinshehe ikiwemo.
Biashara ya mtu kwa mtu, ndivyo inavyoitwa,
ingawa mtu mwenyewe huoni hata kisigino chake.
Huyu alijiita Mkweli Daima.
Biashara mia mbili na kumi na moja, nyota zote zinawaka.
"Braza, nimetuma. Achia."

Ujumbe ukaingia.
Haukuwa wa kughushi; niliingia kwenye menyu,
nikabonyeza namba ya siri, salio limenona.
Ila jina.
Kwenye biashara: Gervas.
Kwenye ujumbe: Somoe Chitanda.

Ningependa usiku usimame hapo.

Maana kanuni naijua.
Nilimfundisha Pazi wa duka la pili hadi akaniita mwalimu:
jina lisipofanana, usiachie, rudisha pesa, kalale.
Lakini mshumaa ulikuwa unashuka.
"Huyo ni mke wangu, braza. Achia, bei inakimbia."
Na kweli bei ilikuwa inakimbia,
na kweli mimi nina mke, na mke ana laini,
na anayetaka kuamini hakosi shahidi.

Nikaachia.
Kitufe hakina uzito wowote.
Hata kifungo cha shati hukushikilia kidogo.

Asubuhi akaunti imefungwa.
Pesa iko humo, naiona, haitoki;
sauti ya kike yenye adabu inanituma kituo cha polisi.
Saa tatu simu ikaita, namba ngeni.

"Wewe ndiye Shomvi?
Jina lako limeandikwa kwenye ujumbe wangu.
Mimi Somoe, niko huku Newala.
Waliniambia nitangulize malipo ya salfa, mifuko kumi,
mikorosho imeanza kutoa maua.
Sasa nauliza tu, mwanangu,
salfa inafika lini?"

Kariakoo tuna hadithi ya chuma ulete:
noti zinaondoka kwenye droo na hakuna aliyezigusa.
Kila jioni nilikuwa nahesabu mara mbili,
nikiogopa, nikijiona mimi ndiye droo.
Sikuwahi kufikiri naweza kuwa mkono.

Mwajabu anabandua nta kwenye kisosi kwa kisu cha vitunguu,
anaikusanya kwenye kopo la maziwa. Itayeyushwa tena.
Haniulizi kitu. Amesikia "salfa",
amesikia nilivyonyamaza.

"Haloo? Mwanangu, upo?"

Nipo, mama.
Simu iko sikioni, kioo kimelala kwenye shavu langu,
kina joto.
Mara ya kwanza mwaka huu
sijui bei.